Kichwa na mkia wa nomino: viambishi tamati katika Kiswahili, kwa kulinganisha na Kiiraqw

Sarufi nyingi za Kiswahili zinazotumika shuleni huanza somo la nomino kwa ngeli. Mwanafunzi huambiwa atazame mwanzo wa neno: m- kwa umoja na wa- kwa wingi, ki- na vi-, u-, ma-, na kadhalika. Akishajua kupatanisha kitenzi na kivumishi na mwanzo huo, huhesabiwa kuwa amemaliza. Mwisho wa neno hauzungumziwi, au hutengewa nusu ukurasa katika sura ya mwisho, ambayo aghalabu darasa halifiki kuisoma.

Hasara ya mafundisho ya namna hiyo huonekana mara mwanafunzi anapopewa maneno matano yafuatayo: mtume, mtumwa, mtumishi, mtumaji, mtumiaji. Yote yana m-. Yote ni ya ngeli moja. Yote wingi wake ni wa-, isipokuwa mtume, ambaye wingi wake ni mitume. Yote yametoka katika kitenzi kimoja, tuma, pamoja na matawi yake tumia na tumika. Hata hivyo hakuna mtu atakayekubali kuitwa mtumwa mahali pa mtumishi, wala mwenye kupeleka barua posta si sawa na mjumbe anayeibeba. Kinachowatenga watu hawa watano hakimo kichwani mwa neno. Kimo mkiani.

Ili kuona vizuri kazi ya mkia huo, yafaa kutazama kwanza lugha ambayo imeupa mkia karibu kazi zote. Kiiraqw husemwa kaskazini mwa Tanzania, katika sehemu za Mbulu, Karatu, Hanang na Babati, na Waswahili wamezoea kuwaita wasemaji wake Wambulu. Si lugha ya Kibantu. Ni ya jamii ya Kikushi, tawi la kusini, pamoja na jamaa zake wa karibu Kigorwa, Kialagwa na Kiburunge. W. H. Whiteley, ambaye wanafunzi wa Kiswahili wanamjua zaidi kwa kazi zake juu ya historia ya lugha yao, alichapisha maelezo mafupi ya Kiiraqw mwaka 1958. Sarufi kubwa ikatolewa na Maarten Mous mwaka 1993.

Nomino ya Kiiraqw haina kiambishi awali cha ngeli. Ina jinsi tatu: ya kiume, ya kike, na ya tatu ambayo si hii wala hiyo, na ambayo hudai kitenzi chenye umbo la wingi hata kama kitu kinachotajwa ni kimoja. Wingi wenyewe hujengwa kwa viambishi tamati, navyo ni zaidi ya kumi. Kila nomino sharti ijulikane inachukua kipi, na kiambishi hicho kinaweza kuihamisha nomino kutoka jinsi ya umoja wake hadi jinsi nyingine kabisa. Tena nomino inapofuatwa na neno linaloifafanua, au inapotangulia kitenzi mara moja, hubadilisha mwisho wake kufuatana na jinsi yake. *Hhartá baabú'ee'* maana yake ni «fimbo ya baba yangu»: -tá yaonyesha kwamba fimbo ni jina la kike na kwamba limefungamana na neno linalofuata. *Waahlár ur* ni «chatu mkubwa», na hapo -r inafanya kazi hiyohiyo. Katika *aná hiimú urúux*, yaani «navuta kamba», -ú yaonyesha kwamba kamba ni jina la kiume. Jina la jinsi ya tatu huchukua -á.

Msomaji wa Kiswahili atambue hapa kwamba ile -tá ya «fimbo ya baba» inafanya kazi ambayo Kiswahili kimeipa y- ya «ya». Jinsi, wingi na upatanisho, ambavyo Kiiraqw huviweka mwishoni mwa nomino, Kiswahili huviweka mwanzoni mwa nomino na mwanzoni mwa maneno yanayoandamana nayo. Kwa hiyo mkia wa nomino ya Kiswahili umebaki huru. Hauhesabu, haupatanishi. Kazi yake ni moja: kueleza nomino ina uhusiano gani na tendo ilimotoka. Je, ni mwenye kutenda, au aliyetendwa, au chombo cha kutendea, au zao la tendo, au hali inayobaki tendo likiisha?

Mfano ulio karibu na kila raia wa Kongo umo katika msamiati wa uchaguzi, ambao umesikika sana nchini katika miaka ya 2006, 2011, 2018 na 2023. Tume ya uchaguzi huandikisha wapiga kura, wagombea hujitokeza, kura zikihesabiwa, matokeo hutangazwa, mshindi huitwa mteule mpaka siku ya kuapishwa. Katika sentensi hiyo moja zimo nomino zenye -e (tume, mteule), -i (uchaguzi, mshindi), -a (mpiga, mgombea) na -o (matokeo). Hakuna hata moja iliyopata irabu yake kwa bahati.

Mwenye kutenda: -i na -ji

Kiambishi kikongwe cha kumtaja mtenda ni -i. Lugha nyingi za Kongo zinacho. Kilingala husema mosali kwa mfanyakazi, kutoka kosala. Moyembi kwa mwimbaji. Moyibi kwa mwizi. Moboti kwa mzazi. Tshiluba husema mulongi kwa mwanafunzi na mulongeshi kwa mwalimu. Kinyarwanda husema umuhinzi kwa mkulima, kutoka guhinga, na umukozi kwa mfanyakazi, kutoka gukora. Kiswahili nacho kina mpishi, mlinzi, mjenzi, mwandishi, mlezi, msomi, mshindi.

Kando ya -i kipo -ji, ambacho huongezwa kwenye shina bila kulibadilisha: soma, msomaji, cheza, mchezaji, imba, mwimbaji, winda, mwindaji. Kwa kuwa -ji haileti mageuzi ya sauti, waundaji wa maneno ya siku hizi wanaipenda kupita kiasi: mtangazaji, mwezeshaji, mhamasishaji, msambazaji. Ni rahisi kama kupigilia msumari. Lakini urahisi huo umewafanya wanafunzi wengi waamini kwamba -ji ndiyo kiambishi cha mtenda na kwamba -i ni umbo la kale lisilo na maana yake maalumu. Hilo si kweli, na anayelishika atakosea mahali ambapo kosa lina gharama.

Kiambishi -ji humtaja mtu kwa tendo analolifanya, hasa kwa kulirudia. Kiambishi -i humtaja kwa cheo, kazi au sifa ambayo tendo limempatia. Anayesimama kwenye kibanda cha magazeti akipitia vichwa vya habari ni msomaji, hata kama aliacha shule akiwa mdogo. Profesa ni msomi, hata siku ambayo hakufungua kitabu. Mnywaji hunywa, mlevi amelewa, tena watu wamekwisha kumpa jina. Mwandikaji ni yeyote ashikaye kalamu, pamoja na karani anayenakili; mwandishi ni mwenye kitabu, au mwenye kazi ya kuandika habari. Mpanzi ni wa mbegu, mpandaji ni wa mlima au wa gari; hapo kuna vitenzi viwili vinavyolingana kwa sauti, na lugha imevitenganisha kwa mikia.

Mfano ulio mkali zaidi ni mjuzi na mjuaji. Mjuzi ni mtu aliyebobea katika jambo. Mjuaji ni yule anayejifanya anajua kila kitu, asiyenyamaza wengine wasemapo. Mwanafunzi wa Kongo, ambaye amesomea masomo yake mengi kwa Kifaransa, huwa na kanuni kichwani isiyoandikwa popote: kila -eur ya Kifaransa iwe -ji ya Kiswahili. Kanuni hiyo humsaidia kwa chanteur na joueur. Akiifuata kwa connaisseur, atamwandikia mzee wa heshima barua akimwita mjuaji, na mzee hatajibu.

Tofauti hii hushuka hata katika majina ya matendo. Uandikaji ni tendo lenyewe la kuandika, jinsi linavyoendeshwa; uandishi ni kazi au sanaa ya mwandishi. Maandishi ni kitu chochote kilichoandikwa. Maandiko, kwa -o, yamekuwa katika matumizi ya Waswahili wengi jina la vitabu vitakatifu. Mwenye kuandika tasnifu juu ya «uandikaji wa riwaya» na mwenye kuandika juu ya «uandishi wa riwaya» hawaahidi kitabu kimoja.

Iko nomino moja inayovunja utaratibu wa -ji, nayo ni kinywaji. Kinywaji hakinywi, hunywewa. Ni vema ikumbukwe kama ilivyo, isijengewe kanuni.

Konsonanti zinazogeuka

Ugumu wa -i, na sababu ya wengi kuikimbia, ni kwamba hugeuza konsonanti inayoitangulia. Pika hutoa mpishi, andika hutoa mwandishi, zika hutoa mazishi, cheka hutoa mcheshi: k imekuwa sh. Fuata hutoa mfuasi: t imekuwa s. Penda hutoa mpenzi na linda hutoa mlinzi. Jenga hutoa mjenzi. D na g zote zimekuwa z. Gomba hutoa mgomvi, na iba hutoa mwivi, au mwizi kama isemwavyo zaidi leo.

Mageuzi haya si mapambo. Lugha mama ya Kibantu inahesabiwa kuwa na irabu saba, na mbili kati yake, i na u za juu kabisa, zilitamkwa kwa mbano mkubwa uliozigeuza konsonanti zilizo mbele yake. Baadaye Kiswahili kilipunguza irabu zake kuwa tano, ile i ya juu ikaungana na i ya kawaida, na sababu ya mageuzi ikafichika. Matokeo yake tu ndiyo yaliyobaki. Thilo Schadeberg, katika makala yake ya mwaka 1995, ameonyesha jinsi mambo hayo mawili, kugeuka kwa konsonanti na kupungua kwa irabu, yanavyoandamana katika lugha za Kibantu. Kongo ni mahali pazuri pa kulihakiki jambo hilo bila kutoka darasani. Kilingala, kwa umbo lake la vitabu, kimehifadhi irabu saba, na b ya koyiba imebaki b katika moyibi. Kinyarwanda kina tano, na guhinga hutoa umuhinzi, sawa kabisa na jenga na mjenzi. Wanafunzi wawili, mmoja wa Kinshasa na mmoja wa Goma, wakiandika ubaoni namna wanavyomwita mtenda, wataandika nusu ya historia ya lugha zao.

Kuna jambo jingine katika mageuzi haya ambalo huwashangaza wanafunzi kuliko yote. Z ya mkombozi imetoka wapi? Kitenzi ni komboa. Hakina d wala g. Vivyo hivyo okoa na mwokozi, zaa na mzazi, lea na mlezi, nunua na mnunuzi, chagua na uchaguzi, tetea na mtetezi, tembea na mtembezi. Jibu ni kwamba vitenzi hivi vyote vilikuwa na l kati ya irabu mbili za mwisho, na Kiswahili kimeidondosha. Mwenye kusema Tshiluba anaijua bado: lea kwake ni kulela, nalo jina la mzazi ni muledi, l ikiwa imegeuka d mbele ya i. Kinyarwanda kina r mahali hapo, na ndiyo maana gukora hutoa umukozi. Kwa hiyo mlezi hakuongezewa z. Alikuwa na l, ikageuzwa kabla haijapotea. Mkia wa nomino umetunza sauti ambayo kitenzi chenyewe kimeisahau.

Kwa sababu hiyohiyo chaguo halina z. Irabu o haikuwa na nguvu ya kugeuza, l ikadondoka kama kawaida. Katika mteule, kutoka teua, l imebaki wazi. Basi mzizi mmoja uliokuwa na l unaweza kuwa na sura tatu: teua isiyo na kitu, mteuzi yenye z, mteule yenye l. Kamusi inayopanga maneno kwa herufi ya kwanza haiwezi kuonyesha undugu huo. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliyakusanya majina chini ya shina la kitenzi, na mtafutaji alilazimika kujua shina kwanza. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 huyapanga kwa viambishi awali, na hivyo mlezi yuko kwenye M na ulezi kwenye U. Njia ya pili ni nyepesi kwa mtumiaji, na hapana sababu ya kuirudisha nyuma. Lakini imempa mwalimu kazi ambayo zamani ilifanywa na kamusi.

Yapo maneno yenye -i ambayo hayakugeuka: msomi, mwombi, na mshindi, ingawa omba ni jirani wa gomba na shinda ni jirani wa linda. Hayo hujifunzwa moja moja.

Aliyetendwa: -e

Mteule ametajwa. Yeye si mwenye kuteua. Mwenye kuteua ni mteuzi. Irabu moja tu ya mwisho, pamoja na konsonanti iliyoathiriwa nayo, inawatenga mwenye madaraka na aliyepewa. Kiambishi -e kina maneno machache, lakini yana uzito: mtume ni aliyetumwa, kiumbe ni kilichoumbwa, tume ni kundi lililotumwa kufanya jambo. Kiswahili cha zamani kilikuwa pia na mshinde, aliyeshindwa, mkabala wa mshindi. Neno hilo limepotea katika vinywa vya wengi, na magazeti hulazimika kuandika «aliyeshindwa» au «mwenye kushindwa». Ni hasara ndogo, lakini ni hasara. Lugha ilikuwa na jozi iliyotimia, ikabaki na mguu mmoja.

Mtumwa naye ametendwa, lakini kwa njia nyingine: neno lake limejengwa juu ya kitenzi cha kutendwa, tumwa. Mtume na mtumwa wote wametumwa, na hakuna anayewachanganya.

Tendo lenye shamirisho: -a

Kitenzi kinaweza kubaki na -a yake na kupewa kiambishi awali tu, hasa kinapofuatwa na shamirisho: mpiga ngoma, mkata kuni, mcha Mungu, mpiga kura, kipima joto, kinasa sauti. Kanuni ya hapa ni nyepesi na huvunjwa kila siku. Palipo na -a, shamirisho hufuata moja kwa moja. Palipo na -ji au -i, sharti liingie neno la kuunganisha. Husemwa mcheza mpira au mchezaji wa mpira; haisemwi mchezaji mpira. Mgombea, ambaye leo husimama peke yake, bado ana mkia wa mtu aliyekuwa na shamirisho: alikuwa mgombea kiti, na mara nyingi bado huitwa mgombea urais. Mganga amesimama peke yake tangu zamani.

Mkulima hana budi kutajwa kwa sababu ya upekee wake. Ndugu zake wa Tshiluba ni badimi, kwa -i kama inavyotazamiwa. Kiswahili kimelichukua jina zima la tendo, kulima, kikaliwekea m-. Kiambishi tamati hakimo kabisa.

Chombo, mahali, zao: -o

Kiambishi -o ndicho chenye mashamba mapana. Hutaja zao la tendo: neno, wazo, wimbo, jengo, pendo. Hutaja chombo: ufunguo, ufagio, kizibo, kifuniko, kipimo. Hutaja mahali: kituo, makao, machimbo. Hutaja namna: mwendo, mshono. Msikilizaji hutambua maana ipi imekusudiwa kwa msaada wa kiambishi awali na kwa mazoea. Hapa kichwa na mkia hushirikiana kuliko mahali pengine popote. Lugha inapotaka kusema bila utata kwamba kitu ni cha kutendea au mahali pa kutendea, hukipitisha kitenzi kwanza katika kauli ya kutendea: chuja, chujia, kichujio, chinja, chinjia, machinjio, kimbia, kimbilia, kimbilio. Kilingala hufanya jambo la namna hiyo kinaposema esaleli kwa chombo cha kazi, kutoka kosala, ila kinamalizia kwa -i.

Hali na tabia: -u

Kiambishi -u, ambacho huonekana kama -fu au -vu, kinatokana na irabu nyingine ya juu iliyotajwa, na kimefanya k ya vitenzi vya hali iwe f au v: choka, uchovu, nyooka, -nyoofu, potoka, mpotovu, okoka, wokovu. Mwokozi na wokovu huwekwa pamoja katika mahubiri kana kwamba ni neno moja lililobadilishiwa kichwa. Sivyo. Mwokozi ametoka katika okoa, tendo la mwenye kuokoa. Wokovu umetoka katika okoka, hali ya aliyeokolewa. Kila mmoja ana kitenzi chake na mkia wake.

Hapa ndipo maneno yenye asili ya Kiarabu yanapoonyesha tabia ya pekee. Vitenzi kama safiri, tafiti, hubiri na hariri huishia kwa irabu isiyo -a, na kwa kawaida hukataa -i na -ji: mtenda ni msafiri, mtafiti, mhubiri, mhariri, kwa kiambishi awali tu. Kitenzi hicho kikipewa kwanza kauli ya Kibantu, mlango hufunguka: safirisha, msafirishaji. Lakini vitenzi hivyohivyo, au ndugu zake, huipokea -fu bila ubishi: amini, mwaminifu, tii, mtiifu, haribu, mharibifu, badhiri, mbadhirifu. Sahau hata imejipatia l ambayo haikuwa nayo katika Kiswahili, ikawa msahaulifu, kwa kuiga mtindo wa wenzake. Maneno ya kigeni yalipoingia, Kiswahili hakikuyalazimisha kwa mtenda, kikayapa uraia kamili kwa tabia.

Mkia na maneno mapya

Mwanafunzi wa isimu anatumia viambishi hivi kila siku bila kuviona, kwa sababu istilahi za somo lake zimejengwa navyo. Kitenzi, kielezi, kivumishi, kiwakilishi, kiunganishi, kiambishi: zote zina ki- mwanzoni na -i mwishoni, na maana yake ni kitu chenye kutenda kazi fulani. Kiunganishi ni kinachounganisha; kiungo, kwa -o, ni sehemu ya mwili au kitu cha kukolezea mchuzi. Aliyeziunda istilahi hizo alijua anachochagua.

Wapo wanaodhani kwamba -i yenye mageuzi ya sauti imekufa, kwamba ni mali ya makumbusho, na kwamba maneno mapya hayana budi kuchukua -ji. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya televisheni ya zamani tarehe 31 Desemba 2012 na kuhamia matangazo ya dijitali, kila nyumba yenye televisheni ilihitaji kisanduku cha kufumbulia mawimbi mapya. Jina lililoenea mitaani lilikuwa king'amuzi, kutoka ng'amua. Wengine wakasema kisimbuzi, kutoka simbua. Katika yote mawili l iliyokwisha kudondoka imejitokeza kama z mbele ya -i, sawasawa na katika mlezi na mkombozi. Wauzaji wa vifaa hivyo hawakusomeshwa historia ya konsonanti za Kibantu. Hawakusema king'amuaji.

Nchini Kongo jambo hili lina sura yake. Kiswahili cha Lubumbashi kina mutu na batu, kintu na bintu, mahali ambapo kile cha sanifu kina mtu na watu, kitu na vitu. Na mwalimu hutumia saa nyingi kusahihisha vichwa hivyo. Kazi hiyo ni halali kwa anayefundisha maandishi sanifu. Lakini kichwa, kama ilivyoonekana, hubadilika kutoka mji hadi mji bila maana kupotea: mulezi na mlezi ni mtu mmoja, na hakuna msikilizaji wa Bukavu wala wa Mombasa atakayewachanganya. Mkia ukibadilika, mtu hubadilika. Saa zinazotumiwa kugeuza mu- kuwa m- zingeweza kupunguzwa kidogo, ili darasa lipate nafasi ya kuuliza kwa nini mteuzi na mteule wanakaa pande mbili za meza.